Boti Aliyoiruhusu Meja Beatha

Sehemu ya Tisa

Salha aligeuza ufunguo mlangoni, akauchomoa, akaufumbata.

Hapo ndipo tulipokatia Jumapili iliyopita, na najua wapo walioninunia wiki nzima. Basi tuingie. Chumba ni cha nyuma katika nyumba ya marehemu Halfan, mtaa wa pili kutoka stendi ya Makambako. Nje kuna turubai, wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Ndani wamo wanawake wawili tu. Mmoja ni mjane aliye edani, macho yamemvimba. Wa pili ni Naibu Waziri Beatha Tweve, meja mstaafu wa jeshi la wanamaji, aliyekuja kutoa pole ya serikali kwa waliofiwa na boti iliyozama karibu na Lupingu, katika Ziwa Nyasa.

"Anajua," Beatha aliwaza. "Huyu mwanamke anajua."

"Mheshimiwa," Salha alisema, "nimewafungia nje wote ili nikuombe kitu peke yangu."

"Niombe, mdogo wangu."

"Niapie kwamba yule Nahumu hatatoka."

Beatha aliachia pumzi. Nahumu ndiye mkaguzi wa vyombo vya majini aliyeiachia boti ile iondoke, na sasa alikuwa mahabusu Njombe. Kumbe mjane alikuwa hajui. Hajui hata kidogo! Beatha alijikuta amefurahi, na papo hapo akaionea aibu furaha yake.

"Shemeji zangu wananiambia nimwachie Mungu," Salha aliendelea. "Namwachia. Lakini na jela aende. Wewe umeishi majini, unajua boti nzima na boti mbovu. Hawezi kukudanganya."

"Sheria itafuata..."

"Halfan wangu alikuwa anaogopa maji, mheshimiwa. Mtu wa Kondoa yule, ziwa kaliona ukubwani. Biashara ya dagaa wa usipa kaifanya miaka, lakini kwenye boti anatuma watu. Yeye anangoja nchi kavu na lori lake. Unajua kwa nini safari hii alipanda mwenyewe?"

"Sijui."

"Kwa ajili yako."

Beatha aliinua uso.

"Alikusikia redioni siku mlipoizindua ile boti. Ulisema chombo hiki ungempandisha mama yako mzazi. Akacheka sana. Akaniambia, 'Salha, kama yule meja anampandisha mama yake, mimi ni nani?' Ndiyo akaenda."

Kuta za kile chumba zilimsogelea Beatha. Alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yamejipanga kabisa nyuma ya meno: Salha, Nahumu alikataa. Mimi ndiye niliyemlazimisha.

Kabla hajayatoa, Salha alipiga magoti, akaushika mkono wake na kuubusu.

"Katika wakubwa wote wewe peke yako ndiye uliyekuja. Mungu akuweke. Niapie basi."

"Naapa," Beatha alisema. Sauti haikuwa yake. "Naapa mwenye kosa hatapona."

Alidhani ameponyoka kwa ujanja wa neno. Salha alisikia alichotaka kusikia, akafungua mlango, na wanawake waliokuwa ukumbini wakamwombea Naibu Waziri dua ndefu ya heri.

Beatha alitembea mpaka kwenye gari akiwa kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

*

Dereva wake, Sila, aliliwasha gari kuelekea Njombe, mlinzi akiwa kiti cha mbele. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mashamba ya miti ya miwati, vioo vikawa vinatota kwa ndani.

"Mheshimiwa, tusimame Mtwango upate chai?"

"Endesha, Sila."

Ninyi mlioanza nasi leo, sikilizeni upesi. Beatha alizaliwa Ipelele, kule juu Makete ambako baridi inaunguza majani ya viazi. Baba alipofariki, kaka yake Yoramu aliacha shule ili yeye asome. Binti huyo wa milimani, ambaye maji mengi aliyoyajua yalikuwa ya mto wa kufulia, akaingia jeshini, akaomba wanamaji. Wanaume walicheka. Alipelekwa masomoni ng'ambo, akarudi na cheo, akapewa boti ya doria, na wale waliocheka wakampigia saluti. Vyama vingi viliporuhusiwa, wanajeshi wakaambiwa wachague gwanda au siasa. Alichagua siasa. Akawa mkuu wa wilaya, akawa mbunge, akawa Naibu Waziri katika wizara inayosimamia vyombo vya majini. Sasa mabadiliko ya baraza yananukia, na kila mtu anasema safari hii neno "Naibu" litaondoka.

Na ile boti? Ilikuwa chakavu ya shirika moja la umma lililouzwa wakati huu wa kila kitu kuuzwa. Mnunuzi alikuwa Yoramu. Akaipaka rangi ya bluu, akaipa jina la kijiji chao: MV Ipelele.

Siku ya uzinduzi Beatha aliteremka peke yake chumba cha injini. Boti ilikuwa imefungwa gatini, imetulia, na pampu zilikuwa zinatoa maji. Mwanamaji yeyote anajua maana yake. Boti nzima haikamuliwi maji ikiwa imetulia gatini. Alisimama pale akazisikiliza zile pampu. Halafu akapanda juu, akashika kipaza sauti, akasema yale maneno ya mama yake.

Nahumu alipokataa kuipitisha, Beatha alimpigia simu: "Mwache Yoramu aende. Ataitengeneza baadaye." Hakuna aliyesikia ila wao wawili.

"Mheshimiwa, unaumwa?" Sila aliuliza, akimtazama kwenye kioo.

"Angalia barabara."

*

Polisi wa Njombe waliwapisha Beatha na Nahumu wakabaki wawili katika chumba kidogo chenye meza na viti. Nahumu alikuwa amekonda, shati limetoka nje ya suruali, miguu haina viatu. Zamani jeshini alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya Beatha. Walishawahi kula ugali sahani moja.

"Kamwene, Meja," alisalimia kwa Kibena, kwa kejeli.

"Kamwene, Nahumu."

"Umekuja kuniangalia nilivyo?"

"Nimekuja..." Beatha alikosa pa kuanzia. "Wamekupiga?"

"Hawajanipiga. Wananiuliza swali moja tu, kwa nini niliiachia. Na mimi sijajibu. Unajua kwa nini sijajibu?"

"Kwa sababu ya urafiki wetu."

Nahumu alicheka kicheko kibaya.

"Urafiki gani? Sijajibu kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe. Sikiliza, Meja. Mimi siyo malaika. Niliogopa kufukuzwa kazi, nikaiachia. Na mimi siku hizi silali. Lakini kufungwa peke yangu, hapana."

"Unataka nini?"

Alisogeza kiti. Akashusha sauti.

"Nahodha Fredy hajapatikana. Ziwa limemmeza. Aseme nani sasa kwamba hakujaza abiria kupita kiasi? Aseme nani kwamba hakuwa amelewa? Wewe unatangaza leo kwamba uchunguzi umemwona nahodha ana hatia. Mimi natoka. Ile simu yako naisahau. Kaka yako anasalimika. Wewe unapata wizara yako."

"Fredy alikuwa halewi."

"Sasa hivi hawezi kusema."

Kutoka uani ilisikika sauti ya mtu akifagia.

Msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Usijibu haraka. Beatha Tweve, ambaye aliwahi kujitupa ndani ya mawimbi kumfuata baharia wake, aliangalia vidole vya miguu ya Nahumu vilivyopauka kwa baridi, akaona jinsi ilivyo rahisi. Marehemu hajitetei. Marehemu hana jela. Alijichukia kwa kulifikiria, na wakati anajichukia aliendelea kulifikiria.

"Ana mke?" aliuliza.

"Hana. Ana mama tu, Lupingu."

Beatha aliinamisha kichwa. Kisha, polepole, akakubali kwa kutikisa.

"Huyo ndiye Meja ninayemjua," Nahumu alisema, na ilikuwa kama amemtemea mate.

*

Alipotoka nje, Yoramu alikuwa ameegemea gari lake, kofia ya manyoya mkononi, jasho linamtoka katika baridi ile.

"Beatha! Nimekutafuta Makambako, nimekutafuta kila mahali."

"Kuna nini tena, kaka?"

"Fredy yuko hai."

Beatha alimkamata kaka yake mkono.

"Wavuvi walimwokota. Alikuwa amejificha kwa watu huko mwambaoni, anaogopa. Leo amejitokeza mwenyewe, wamemleta hapa hospitali. Mkuu wa polisi yuko naye sasa hivi anaandika maelezo."

"Amesema nini?"

"Sijui! Ndiyo maana nakuambia twende. Akisema ile boti ilikuwa inavuja tangu gatini, mimi nimekwisha. Na wewe umekwisha. Nenda ukae pale mbele yake. Akikuona atanyamaza."

"Unataka nikamtishe mtu aliyetoka majini?"

"Nataka ukamwangalie tu! Beatha, mimi niliacha shule kwa ajili yako. Nimewahi kukuomba kitu?"

"Uliniomba boti ipite."

Yoramu alirudi nyuma hatua. Macho yake yalijaa machozi, na Beatha akaona kwamba kaka yake naye hali, halali, na shavu limeingia ndani.

"Unafikiri mimi siwaoni?" alisema Yoramu. "Nikifumba macho tu nawaona. Nilidhani itafanya safari chache, nipate pesa za kubadilisha mabamba ya chuma yaliyooza. Chache tu, mdogo wangu."

Beatha aliingia garini.

"Hospitali, Sila."

*

Fredy alikuwa amelala kitanda cha mwisho, chumba cha pekee, askari mlangoni. Midomo imepasuka, mkono mmoja umefungwa bandeji. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa ameketi kando yake. Muuguzi mmoja, Jeni, alikuwa anarekebisha blanketi.

Beatha aliingia akiwa amejiandaa kwa kila kitu. Kwa kunyooshewa kidole. Kwa kutukanwa. Kwa jina lake kutajwa.

Fredy alipomwona alijaribu kuinuka akae wima kama mwanajeshi.

"Meja," alisema, na akaanza kulia. "Meja, nisamehe. Nimeua watu."

Mkuu wa polisi alimgeukia Beatha, uso umemng'aa kwa nafuu.

"Amekiri mwenyewe, mheshimiwa. Kwa hiari yake. Anasema kosa ni lake."

"Kosa lipi?" Beatha aliuliza.

"Wimbi lilikuja kubwa," Fredy alisema. "Nikataka kuwahi Lupingu. Nikakata kona, nikaligeuzia wimbi ubavu. Boti ikalala, ikakataa kuinuka. Nilikuwa nawasikia, Meja. Wanaita Mungu, wanaita mama zao. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Makambako, mnene, alinishika shati. Nikamsukuma. Nilimsukuma ili nifikie usukani, na sikumwona tena."

"Alikuwa mtu wa Kondoa?"

"Alikuwa anaogopa tangu tunaondoka. Nikamwambia akae karibu yangu."

Jeni alifuta machozi kwa mgongo wa kiganja.

"Mheshimiwa," mkuu wa polisi alinong'ona, "kesi imekwisha. Redio wanakungoja. Tangaza tu."

Kila mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa umefunguka. Hakuhitaji kusema uongo. Hakuhitaji hata kunyanyua mkono. Anyamaze tu, basi, na kijana huyu aubebe mzigo wa Beatha, auchukue kwa moyo wote akidhani ni wake.

Beatha aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Fredy. Kabla hujakata kona, usukani ulikuwaje?"

"Mzito. Tangu mchana. Kama unaburuta gari lililozama kwenye tope."

"Na pua ya boti?"

"Imeinama." Fredy alikunja uso, akijaribu kukumbuka. "Ndiyo. Ilikuwa imeinama."

"Maji yalikuwa yameshajaa chini. Hata ungelipokea wimbi kwa pua ingezama. Boti nzima ingelala na kuinuka. Ile haikuwa nzima. Hukuwaua wewe."

"Meja, unanihurumia."

"Sikuhurumii. Nilikuwa najua. Niliteremka chini siku ya uzinduzi nikazisikia pampu, na nikanyamaza. Nahumu alikataa kuipitisha, nikampigia simu aiachie. Ni mimi."

Jeni alisimama kama amegandishwa. Fredy alimtazama Beatha, akamtazama tena, na badala ya kufurahi alivuta blanketi mpaka kifuani.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza kwa sauti ya mtoto. "Ulikuwa unajua, ukaniacha niwapakie?"

Beatha alimgeukia mkuu wa polisi.

"Afande," alisema, "andika."

Mkuu wa polisi alikuwa ameshaiweka kalamu mfukoni.

"Mheshimiwa umechoka. Misiba imekuwa mingi. Mimi sijasikia kitu."

"Nimesema ni mimi."

"Na mimi nimesema sijasikia. Nikisikia, kesho nitakuwa nalinda daraja la Makete. Tafadhali. Nenda ukapumzike."

Kumbe hata kukiri kunahitaji mtu wa kukupokea! Beatha alisimama, na wakati huo huo sauti za watu zilipasuka huko nje. Jeni alikimbilia dirishani.

"Mungu wangu! Wamejaa getini. Wamekuja na lori."

Habari ya Fredy kuonekana ilikuwa imefika Makambako kabla ya polisi kujipanga. Waliofiwa walikuwa wamepanda lori la marehemu Halfan, wanaume kwa wanawake, na mbele yao alisimama Abdulatif, mdogo wake Halfan, mtu mpole anayeuza vipuri vya magari. Leo alikuwa ameshika rungu.

"Mtoeni!" walipiga kelele. "Mtoeni huyo nahodha!"

"Funga milango!" mkuu wa polisi aliamrisha. "Askari, mabomu ya machozi!"

"Kuna wagonjwa humu," alisema Jeni. "Kuna wazazi wenye vichanga!"

Beatha alikuwa ameshatoka. Mlinzi wake alijaribu kumshika mkono, akaukwepa. Alipita kwenye ukumbi, akapita kwenye mlango mkubwa, akasimama kwenye ngazi, mbele yao, bila kitu chochote katikati.

Walipomwona walipunguza kelele. Walimheshimu. Asubuhi ile tu alikuwa amekaa nao kwenye mkeka.

"Mheshimiwa, tupishe," Abdulatif alisema. "Hatuna ugomvi na wewe."

"Mnao," alisema Beatha.

Jiwe lililokuwa limeshainuliwa mahali fulani lilibaki hewani.

"Fredy hakuwaua ndugu zenu. Boti ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Mkaguzi alikataa. Mimi nilimwamuru. Boti ni ya kaka yangu, na nilijua, na nikasema redioni kwamba ni nzima. Aliyewaua ni mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mwanamke mmoja mzee aliketi chini palepale kwenye changarawe, kanga imemwanguka begani, akawa anauliza watu walio jirani: "Amesema nini? Huyu amesema nini?"

Abdulatif alipanda ngazi moja. Rungu lilikuwa bado mkononi, lakini alikuwa amelisahau.

"Asubuhi uliingia kwa shemeji yangu mkafungiana mlango. Ulimwambia haya?"

"Hapana."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwapia kwamba mwenye kosa hatapona."

Usoni mwa Abdulatif palikuwa na kitu kibaya kuliko hasira, kama mtu aliyeng'amua kwamba chakula alichokula kilikuwa cha maiti.

"Amekuwa anakuombea dua tangu ulipoondoka," alisema. "Amekataa kula mpaka aimalize. Yuko edani, hawezi kuja hapa. Basi utakwenda wewe. Utamwambia kwa mdomo wako, mbele yetu sote."

"Nitakwenda."

"Siyo kwa gari lako."

Aligeuka, akafungua mlango wa nyuma wa lori. Mnyororo uligonga bodi.

"Panda."

"Mheshimiwa, usithubutu!" mkuu wa polisi alipiga kelele kutoka mlangoni. Mlinzi alikuwa ameshaweka mkono kwenye bastola. Yoramu, aliyekuwa amefika getini, alikuwa anaita jina la dada yake kwa Kikinga, jina la utotoni ambalo hakuna mtu wa serikali aliyewahi kulisikia.

Beatha alimwambia mlinzi ashushe mkono. Akavua viatu vyake vya kisigino, akakanyaga tairi, akapanda.

Abdulatif alipandisha mlango, akafunga mnyororo. Lori liliguruma, likakata kona kuelekea barabara ya Makambako. Humo nyuma, katikati ya wajane na yatima aliowafanya yeye, Naibu Waziri alisimama ameshika bomba, upepo wa Njombe unamchapa usoni. Nafasi za kukaa zilikuwepo. Hakuna aliyemsogelea mpaka walipoacha nyumba za mwisho za mji, ambapo dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa, na yule mwanamke mzee akanyanyuka, akamjia. Yaliyofuata, tukutane Jumapili ijayo.